Faida ya Kujua Lugha ya Jirani



Mzazi mmoja alitujia juzi wakati wa jioni, akaketi, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, mtoto wangu ana lugha ya nyumbani. Shuleni mmempa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza atafundishwa kwa Kiingereza. Sasa nasikia mwataka kumwongezea na Kinyanja cha watu wa ng'ambo. Je, lugha yaliwa?"

Swali hili si la upumbavu. Mtu alimaye ngoro katika miteremko ya Umatengo ajua uzito wa jembe, na kila mzigo atakaotwikwa mwanawe apenda kwanza kujua utamletea nini nyumbani. Tena tumesikia ya kuwa si yeye peke yake aulizaye hivyo. Basi tumeona yafaa kumjibu hapa mbele ya wasomaji wote.

Kwanza tuitazame nchi yetu. Sisi tulizaliwa pwani ya ziwa, si mbali na Liuli, na kazi ya ualimu ikatupandisha milimani kwa Wamatengo, ambako tumekaa miaka mingi sasa. Mtu akitoka Mbinga kushuka Mbamba Bay, kwa njia ambayo siku hizi ina lami, afika kabla jua halijawa kali. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kutwa, na wakati wa mvua magari yalilala njiani pamoja na abiria wake. Lakini katika mwendo huo mfupi apita lugha nyingi kuliko madaraja. Juu asikia Kimatengo. Akishuka asikia Kimpoto. Ufukweni akuta Kinyanja, ambacho wengine hukiita Kinyasa. Akifuata ufuko kwenda kaskazini, mpaka Lituhi na Manda, akuta Kimanda. Naye akigeuka kwenda mashariki, upande wa Songea, ni Kingoni. Juu ya zote kimetandikwa Kiswahili, kama mkeka juu ya sakafu.

Hata jina la ziwa letu lina habari ya lugha ndani yake. Neno nyasa, kwa Kiyao, maana yake ni maji makuu kama haya, na kwa Kinyanja husemwa nyanja. Daktari David Livingstone alipofika mwaka 1859 aliandika jina la Nyasa, nalo likaenea katika ramani na vitabu. Kwa hiyo asemaye "Ziwa Nyasa" asema "Ziwa Ziwa". Jambo hili halikumdhuru mtu, nasi wenyewe tumelizoea jina hilo hata wilaya iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012 ikaitwa Nyasa. Makosa mengine ya lugha hudhuru, kama mtakavyoona.

Tuanze na soko, maana mzazi yule aliuliza habari ya kula. Wakulima wa Mbinga hushusha maharage mpaka ziwani, na wengine huvuka nayo kwenda Likoma na Nkhata Bay. Wenyeji wa Nkhata Bay ni Watonga, nao wana lugha yao, walakini sokoni wote wafahamu Kichewa, kwa kuwa kiliwekwa kuwa lugha ya taifa la Malawi mwaka 1968. Na Kichewa na Kinyanja ni kama lugha moja yenye majina mawili. Kijana mmoja aliyepata kukaa darasani kwetu alivuka na magunia yake pasipo kujua neno hata moja. Akapata dalali mwenye lugha zote mbili. Dalali akasema na mnunuzi kwa Kichewa, akageuka akasema na kijana kwa Kiswahili, na kati ya usemi ule na huu bei ikapungua. Kijana aliona kwa macho yake noti za kwacha alizohesabu mnunuzi, akaona na zile zilizomfikia yeye. Alichokosa ni kinywa cha kuuliza.

Hatusemi ya kuwa dalali yule ni mwizi. Alikuwa na bidhaa yake, nayo ni lugha, akaiuza kwa bei aliyoweza kuipata. Msimu wa pili kijana alikwenda na daftari lenye maneno yapata mia: hesabu, vipimo, majina ya vyakula, na maneno ya adabu. Akaulizia bei mwenyewe katika vibanda vitatu kabla ya kufungua gunia. Tofauti ya misimu ile miwili aliinunulia mabati. Tumeyaona, yako juu ya jiko la mkewe.

Na tusidhani ya kuwa maneno mia ni mzigo mkubwa kwetu sisi. Mtu wa Ulaya akijifunza Kinyanja aanza chini kabisa, bali sisi twaanza katikati ya ngazi. Moto ni moto, nyama ni nyama, mwana ni mwana, nyumba ni nyumba. Kulima, kuona, kutuma na kufa ni vilevile. Chetu ki, kwao ni chi. Chetu vi, kwao ni zi. Kitu ni chinthu, na vitu ni zinthu. Hapa msomaji angalie: ile th si kama ile ya thelathini, bali ni t yenye pumzi nyingi. Tumewasikia Wakristo wa milimani wakisoma kitabu cha Kinyanja kwa th ya Kiswahili, na wenyeji wakawavumilia kwa upole, lakini hawakufahamu. Hesabu zao nazo ni nyepesi kwa mwenye kujua tano, maana sita kwao ni tano na moja, na saba ni tano na mbili.

Lakini urafiki huu wa lugha una mashimo yake. Kwa Kinyanja kukonda ni kupenda. Mgeni wa Kiswahili akiingia kanisani ng'ambo, akamsikia mhubiri akisema kwamba Mungu awakonda watu wote, aweza kudhani waambiwa habari za njaa! Tena neno mtengo kwao ni mti, na neno hilohilo ni bei. Wakisema mtengo umekwera, maana yake bei imepanda. Mtu wa kwetu husikia kana kwamba mti umekwea mlima, na Mmatengo aweza kufikiri kwamba kabila lake latajwa. Wala fikira hiyo si mbali sana na ukweli, maana husemwa ya kuwa jina la Wamatengo latokana na neno la msitu mnene. Basi mwenye kukisia lugha kwa sababu yafanana na yake aweza kupotea kuliko yule ajuaye kwamba hajui.

Ng'ambo nao hawakulala. Mwezi wa Agosti mwaka 2019 wakuu wa nchi za SADC walipokutana Dar es Salaam walikikubali Kiswahili kuwa lugha ya nne ya jumuiya yao, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Na Malawi na Msumbiji, jirani zetu wawili, wote wamo katika jumuiya hiyo. Wachuuzi wajao Mbamba Bay huja na Kiswahili kidogo cha kutosha kushindana bei nasi. Kwa maoni yetu, katika ziwa hili atakayewahi kuishika lugha ya mwenzake ndiye atakayeshika na mizani.

Wasomaji wa Maandiko wakumbuke habari ya Paulo katika Yerusalemu, iliyomo katika Matendo ya Mitume, mwisho wa sura ya 21 na mwanzo wa sura ya 22. Watu walimkamata wakitaka kumwua, askari wakamchukua, na jemadari akamdhania kuwa mwasi wa Misri. Paulo akasema naye kwa Kiyunani; jemadari akastaajabu, akampa ruhusa ya kunena. Kisha Paulo akasimama darajani, akasema na makutano kwa lugha yao ya Kiebrania, nao wakazidi kunyamaza. Angalieni jinsi mtu mmoja alivyotumia lugha mbili kwa muda mfupi: moja ilimfungulia mlango wa mkubwa, na ya pili ilimpatia masikio ya ndugu zake. Lau angalihitaji mkalimani, wakati gani wangalimtafuta, na nani angalikubali kupanda ngazi zile pamoja naye?

Habari ya wakalimani yatuleta kwenye jambo ambalo kwetu sisi lina uzito kuliko maharage.

Siku moja tulikuwa tumekaa katika benchi la zahanati moja ya milimani, twangoja zamu yetu. Akaja bibi mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa miaka kama kumi. Bibi hakujua ila Kimatengo. Wako bado wazee wa namna hiyo, hasa wanawake ambao hawakupata shule wala safari. Muuguzi alikuwa mgeni, mwema na mpole, aliyetoka mbali, naye hakujua ila Kiswahili na Kiingereza cha vitabu vyake. Akauliza, "Bibi anasumbuliwa na nini?" Mtoto akamgeukia bibi yake, akauliza. Bibi akasema. Alisema kwa muda wa kutosha kuchambua ungo wa maharage, kwa sauti ya chini, akitazama sakafu. Mtoto naye akatazama sakafu. Kisha akamwambia muuguzi maneno mawili tu: "Tumbo linamuuma."

Sisi tulisikia lugha zote mbili. Ugonjwa ule haukuwa wa tumbo. Ulikuwa ni ugonjwa wa akina mama, wa siku nyingi, na mtoto wa kiume hawezi kuutaja mbele ya bibi yake, wala mbele ya watu waliojaa barazani. Hakusema uongo kwa ubaya. Alimheshimu bibi yake kama alivyofundishwa. Nasi, tulio wanaume, desturi ilitufunga kinywa vilevile. Muuguzi alikuwa amekwisha kuchukua karatasi ya dawa za tumbo. Hapo mama mmoja, mkulima, aliyekuwa amekaa karibu nasi na mtoto mgongoni, akainuka akasema, "Nesi, samahani, nitaingia na bibi mimi." Akamwambia mtoto, "Baba, nenda ukanywe maji." Wakaingia watatu wanawake, mlango ukafungwa. Walikaa ndani muda mrefu. Walipotoka, bibi alikuwa na barua ya kwenda hospitali kubwa, na muuguzi alikuwa akimwuliza yule mama jinsi ya kusema kwa Kimatengo, "Inauma tangu lini?"

Yule mama hakuwa na cheti cha lugha yoyote. Kiswahili alikipata katika shule ya msingi na sokoni. Lakini saa ile, katika nyumba yote ile yenye darubini na mizani na dawa, chombo kilichokosekana alikuwa nacho yeye. Ndugu msomaji, ukiuliza kama lugha yaliwa, nasi twakuuliza: afya ya bibi yako yauzwa kwa debe ngapi?

Kwa ajili hiyo twawasihi pia wenzetu wajao kufanya kazi katika nchi hii, walimu, waganga, mabwana shamba na makarani. Yuko mtu aliyekaa Umatengo miaka kumi na hajui kumwamkia mzee kwa lugha yake. Husema, "Wote wajua Kiswahili." Wote aliowasikia yeye, naam, asiojua Kiswahili hawakumwambia neno, na kwa hiyo adhani hawako.

Wala kujifunza lugha ya mwenyeji si jambo jipya katika ufuko huu. Kaburi la Padre William Percival Johnson liko Liuli, alikofariki mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 74. Bwana huyu alisoma Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi, katika chuo cha Oxford, akikusudia kwenda kufanya kazi ya serikali huko. Badala yake alikuja Unguja mwaka 1876, na katika miaka ya 1880 akawa amekwisha fika ziwani, akakaa huko hata kufa. Macho yake yaliharibika, hata jicho moja likapofuka kabisa, naye aliendelea kutafsiri. Biblia nzima ya Kinyanja ilipigwa chapa mwaka 1912, tena alitafsiri sehemu za Maandiko kwa Kimpoto. Wazee wetu wa Liuli walimsimulia kama mtu aliyelala vijijini, akala walichokula watu, akauliza maneno siku zote, mpaka watoto wakamchoka. Kwa maoni yetu ule usumbufu wa kuuliza ulikuwa ndio shule yake. Oxford ilimfundisha tu kwamba lugha ngeni yaweza kushikwa.

Tena haifai kuwasifu Wazungu peke yao. James Chuma alikuwa Myao, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kukombolewa mwaka 1861. Alisafiri na Livingstone katika safari yake ya mwisho, na pamoja na Susi na wenzao wakauchukua mwili wake mpaka pwani. Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 tu, alijikuta mkuu wa msafara kwa sababu aliyemtangulia amekufa njiani, naye alifika kaskazini ya ziwa letu akiwa na Chuma kuwa mkuu wa wapagazi. Chuma hakuwa na bunduki nyingi kuliko wengine, wala mali. Alikuwa na lugha. Alijua kunena na mtu wa pwani, na mtu wa bara, na Mzungu, na katika kila mji mpya yeye ndiye aliyetangulia mbele ya jumbe. Mtu aliyeuzwa kama bidhaa akawa ndiye mwenye bidhaa ambayo kila msafara uliitafuta. Alikufa Unguja mwaka 1882, angali kijana.

Sasa tuje kwenye hofu ya wazee, maana wako wasemao, "Mtoto akishika lugha za watu ataitupa yake." Hofu hii hatuipuuzi, kwa kuwa mambo hayo yamekwisha tokea karibu nasi. Wangoni walitoka Afrika ya Kusini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na makundi yao mengine yakafika Songea. Walikuwa watawala wakali, wala hakuna aliyewakataza kusema lugha yao. Lakini waliowalea watoto wao walikuwa wanawake waliotekwa katika makabila ya nchi hii, na mtoto hunyonya maneno pamoja na maziwa. Mwaka 1904 Padre Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, alichapisha maelezo ya lugha mbili pamoja: Kingoni, na Kisutu, yaani lugha ya raia zao. Leo kiitwacho Kingoni huko Songea ni zaidi hicho cha raia kuliko kile cha watawala. Mikuki haikuweza kuilinda lugha ambayo haikusemwa jikoni.

Na Kimatengo je? Bi Nobuko Yoneda, mtaalamu wa lugha kutoka Japani, alijifunza Kimatengo hapa kwetu, na mwaka 2006 ukachapwa msamiati alioukusanya. Naye ameandika pia jinsi maneno ya Kiswahili yanavyoingia na kuyasukuma nje ya Kimatengo. Jambo hili nasi twaliona darasani: mtoto wa mjini Mbinga aulizwapo jina la mdudu au jani, hutaja la Kiswahili, na asipolijua la Kiswahili husema, "Ni mdudu tu."

Yako mambo ambayo Kiswahili hakina neno lake. Ntambo ni sehemu ya mlima iliyo kati ya vijito, ambayo ni ya ukoo mmoja, tangu kilele mpaka bondeni. Ukisema "shamba" umepunguza, ukisema "kilima" umekosa. Sengu ni mlo wa pamoja wa jamaa na papo hapo ni baraza lao, palipoamuliwa ugomvi na kufundishwa vijana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao Wajapani walipokuja katika miaka ya 1990 kujifunza jinsi ngoro zinavyozuia udongo usichukuliwe na mvua, hawakuweza kuendelea mbali bila maneno haya mawili, nao wakayaandika kama yalivyo katika vitabu vyao. Kwa hiyo mzee asemaye kwamba lugha ya nyumbani ni mali asema kweli. Lakini dawa ya hofu yake si kumnyima mtoto lugha ya pili. Dawa ni yeye mzee kusema naye Kimatengo jioni, kwa ukamilifu, pamoja na majina ya wadudu. Katika miaka yetu ya ualimu tumeona ya kuwa mtoto mwenye lugha moja iliyokamilika hupokea ya pili upesi, na mwenye nusu ya lugha hupokea nusu nyingine.

Kuhusu Kiingereza hatuna haja ya kusema mengi, maana wazazi wote wakitaka bila kuhimizwa. Twataja jambo moja la mashambani. Mkulima wa kahawa apigana na chulebuni na kutu ya majani, na zaidi ya mrututu wa zamani sasa zipo dawa za namna nyingi, na chupa nyingine maandishi yake madogo ni ya Kiingereza. Katika maandishi hayo madogo ndimo ilimo idadi ya siku ambazo mtu apaswa kungoja baada ya kunyunyiza kabla hajachuma. Mtoto wa kidato cha pili aliye nyumbani wakati wa likizo apewe chupa hiyo asome kwa sauti, kabla baba hajatia dawa katika bomba. Huo nao ni mtihani, tena mkali kuliko wa shule.

Na jinsi ya kujifunza? Wengi hungoja kitabu na mwalimu, na kitabu kikiisha kupatikana hungoja wakati. Sisi twaona mtu aanze na kazi yake. Mvuvi aanze na nyavu na pepo na majina ya samaki; atashangaa jinsi usipa ulivyo usipa pande zote mbili, na mbasa kwao ni mpasa. Muuza maharage aanze na hesabu na mizani. Daftari liwe dogo la kutosha kuingia mfukoni, maana daftari kubwa hukaa nyumbani. Tena asiogope kuchekwa. Mwenyeji akikucheka amekusikia, na mara nyingi baada ya kicheko hulitaja neno lililo sahihi, bure bila ada. Asiyechekwa kamwe ni yule asiyesema.

Baada ya mavuno ya mahindi tutaanza darasa la jioni la Kinyanja hapa shuleni, siku mbili kila juma, kwa ajili ya wale washukao ziwani kufanya biashara, na wanawake waje vilevile. Yule mzazi aliyetuuliza swali amekwisha andikisha jina la mwanawe, na chini yake ameandikisha lake. Ada hakuna, ila kila mtu aje na kalamu na daftari, na aliye na taa ya sola ailete. Mwalimu si sisi. Ni mama mmoja wa Likoma aliyeolewa hapa Umatengo, auzaye maandazi karibu na stendi. Tulipomwendea kumwomba alikubali upesi, akatupa sharti moja tu: tangu siku ya kwanza, mtu akiisha kuvuka kizingiti cha mlango, hataki kumsikia akisema neno hata moja la Kiswahili.